Radhi Kabla ya Tabora

Jumatatu, 8 Septemba

Tunahama! Kwaheri Bagamoyo, Tabora hiyoo! Mke wangu Zuwena kapandishwa cheo. Muuguzi wa miaka kumi na tatu, sasa anakwenda kuwa mkuu wa wodi ya wazazi. Barua ameisoma mara tatu, mara ya nne akalia. Lori linakuja Jumamosi alfajiri. Mkuu wa msafara ni mimi, Masoud. Nimejiteua. Zuwena kasema mkuu wa msafara aanze kwa kukunja mashuka.

Mama mkwe, Bi Raya, tunaishi naye, kwa hiyo tunahama naye. Kauliza watu wa Tabora hutazama nini jioni, maana bahari hawana. Nikamwambia hutazama maembe. Hakucheka. Mama huyu hajanichekea tangu siku ya arusi.

Mchana, wazo! Nimeiandikia ofisi ya Tabora barua kwa jina la Zuwena na kuituma kwa baruapepe yake. Naomba nyumba yenye baraza, banda la kuku, na chumba cha mama kilicho mbali na sebule. Mwishoni nimetia ukali kidogo: bila hayo sitaweza kuripoti kazini. Wakubwa hupenda mtu mwenye msimamo. Zuwena sijamwambia. Atashangaa akifika!

Jumatano, 10 Septemba

Vyombo vyote vimefungwa kwenye magazeti, hata vile tulivyokuwa tukilia chakula. Chakula cha mchana tumekula juu ya mfuniko wa hotpoti. Raha tupu!

Bi Raya kakumbusha: mtu hahami kimyakimya. Lazima apite nyumba kwa nyumba aombe radhi majirani, maana hajui kama wataonana tena. Zuwena kaitikia. Mimi jasho likanitoka. Nina mengi na mtaa huu.

Baada ya kahawa akili ikafanya kazi. Anayeaga hanyimwi radhi! Nani atamkatalia mtu mwenye virago mlangoni? Aibu hiyo nani aitake? Watasamehe kwanza, watasikia baadaye, na wakija kukasirika mimi nipo Tabora. Nimeanza kuorodhesha makosa yangu nyuma ya kalenda. Nilianzia Januari. Nimefika Aprili.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeanza na Shuaibu, jirani wa mbele, mtu wa kujisifu sana. Jogoo wake alipotea miaka mitatu iliyopita. Alimsingizia kicheche, akatega mtego, mtego ukamnasa paka wake mwenyewe. Nimemshika mikono yote miwili, nikamwomba anisamehe niliyomkosea kwa kujua na kwa kutojua. Kasema kanisamehe, duniani na akhera. Hapo ndipo nikamwambia: jogoo nilimla mimi. Kwa wali wa nazi. Alikuwa akiwika saa nane za usiku!

Shuaibu kaichomoa mikono yake. Lakini neno lilikwishamtoka. Akauliza tu kama jogoo alikuwa mnono. Nikasema hapana, ili nisimwongezee uchungu.

Nimetoka pale mwepesi kama mtu aliyetoka kunyoa. Kumbe radhi ina utamu hivi!

Ijumaa, 12 Septemba

Asubuhi kwa Mzee Yunus. Shikamoo, marahaba, naomba radhi, nimekusamehe. Nikamweleza kwamba tulipokuwa tukicheza bao nilikuwa naficha kete mfukoni mwa kanzu. Miaka sita. Kauliza mara ngapi. Nikasema kila mara nilipomfunga. Mzee kaanza kuhesabu kwa vidole. Mwaka jana aliacha bao kabisa, akidhani uzee umemharibia akili. Hapo nilijisikia vibaya. Nikamalizia kahawa yake nikaondoka.

Baada ya sala ya Ijumaa, lile kubwa. Sufuria la shughuli la Bi Raya! Miaka minne iliyopita nilikorogea chokaa humo, chokaa ikaganda, nikalifukia nyuma ya choo. Bi Raya alipouliza, nikasema kaliazima Bi Esha, jirani wa nyuma. Bi Esha alikana kwa kiapo. Tangu siku hiyo hawasemezani, na chuo cha Kurani walisoma pamoja wakiwa watoto!

Nimewaita wote wawili sebuleni, katikati ya maboksi. Wamenisamehe, kila mmoja akitazama ukuta wake. Nikasema. Bi Esha kakaa kitako juu ya godoro. Bi Raya kamfuata palepale, wakakumbatiana, wakalia kwa sauti. Machozi yakanitoka na mimi. Nimefanya jambo jema! Kisha wakaacha kulia, wakanigeukia pamoja.

Nilikuwa nimekimbilia uani Zuwena aliposoma ujumbe kwenye simu. Tabora wanasema barua yake ya masharti imefika. Nyumba ya namna hiyo hawana. Uhamisho umesitishwa mpaka ipatikane. Aendelee na kazi Bagamoyo.

Bagamoyo! Na mimi nimeshawaambia wote!

Jumamosi, 13 Septemba

Lori limekuja, lori limerudi tupu. Shuaibu kalitazama mpaka likakata kona, kisha kaja mlangoni. Anasema radhi ile ilikuwa ya msafiri. Asiyesafiri arudishe jogoo. Mzee Yunus naye kaleta bao lake. Anataka michezo yote ya miaka sita irudiwe, na nicheze bila kanzu. Bi Raya kamsimulia kila anayepita mbele ya nyumba. Bi Esha kawasimulia wanaopita nyuma.

Zuwena kakaa juu ya boksi, mkoba mapajani, tayari kwa safari isiyokuwepo. Kauliza masharti gani, nani kayaandika. Nimesema labda ni mambo ya mtandao.

Jumanne, 16 Septemba

Zuwena kaikuta barua kwenye baruapepe yake. Kaisoma kwa sauti mbele ya mama yake. Pale pa banda la kuku kapasoma mara mbili. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kasema tu: miaka kumi na tatu, Masoud. Moyo umeniuma, naandika bila utani.

Halafu kapiga simu Tabora mwenyewe. Kawaambia barua si yake, na atalala hata stoo, mradi apewe wodi yake. Wakamwambia asubiri. Bi Raya na Bi Esha wakashikana mikono. Mimi nilibana pumzi nyuma ya kabati. Dakika tisa!

Aripoti Jumatatu! Nimeruka, nikagonga kichwa kwenye rafu. Zuwena kacheka na kulia kwa pamoja, kisha kaniambia nisiiguse simu yake mpaka kufa.

Jumamosi, 20 Septemba. Kiwangwa

Tumeondoka! Mtaa mzima ulikuja kupakia, hata dereva hajazima injini. Robo saa, lori limejaa! Mzee Yunus, na umri wake, kabeba kabati la vyombo. Shuaibu alikuwa akikimbia kabisa. Bi Esha kapiga vigelegele. Sikujua kama wananipenda kiasi hiki. Nimeguswa sana.

Zuwena na Bi Raya wametangulia kwa basi. Wamesema viti vilikuwa viwili tu. Mimi nipo juu ya magodoro, upepo mwanana, dereva kashuka kununua mananasi. Maisha mapya! Mtu safi, hana doa!

Turubai lililofunika mzigo ni la Shuaibu. Jipya, la kijani, zito, halipitishi tone. Kaniazima kwa sharti moja, kwamba lirudi na dereva. Nimelipapasa njia nzima. Tabora litanifaa sana. Nimeshaelewana na dereva aseme limepeperushwa na upepo karibu na Msata. Shuaibu nitamwomba radhi siku tukihamia Mwanza.