Bafta ya Madirisha Matano

Jumamosi, 8 Novemba

Alhamdulillah! Salwa amepiga simu. Wiki tatu mke wangu yuko kwao Funzi, na leo kapiga mwenyewe. Anakuja Ijumaa alasiri pamoja na mama yake, Bi Sumaiya. Watakagua nyumba. Ikiwa imekuwa nyumba ya kukaa watu, atabaki. Ikiwa bado ni ghala, atachukua cherehani yake arudi nayo Funzi. Na hapo ndipo roho inaponiuma. Mke akiondoka akaacha cherehani, huyo kakasirika tu. Akija kuifuata, huyo ameondoka.

Matairi yapo sebuleni, sikatai. Na chupa, magunia kadhaa. Yote yalikuwa yawe vyungu vya maua. Salwa alisema hawezi kushona akiwa amekaa juu ya tairi. Haya.

Jirani yangu Muzammil amejitolea kunisaidia kupamba. Huyu anafanya kazi hotelini Diani, na kazi yenyewe ni kukunja mataulo yawe mabata juu ya vitanda vya wageni. Mtu mzima! Nikamshukuru kwa adabu, nikamwambia sina haja ya bata. Nitaipamba nyumba kwa mikono yangu, kwa vitu vya hapa hapa Bongwe. Kisha nikatoa matairi yote nikayapanga nyuma ya ukuta wake. Kwa upande wangu hayaonekani kabisa.

Jumapili, 9 Novemba

Taa ya vifuu! Nimekitoboa kifuu cha nazi kwa msumari wa moto, nikatia balbu ndani. Nikawasha. Kuta zote zikajaa madoa, nyumba ikaonekana ina surua. Lakini ni surua nzuri. Nimeungua kidole. Namshukuru Mungu, ninavyo vingine.

Jioni nimekwenda pwani kuokota makome, nikayagandisha kwa gundi kuzunguka kioo cha Salwa. Nimechagua yaliyotoka majini sasa hivi, yanang'aa kuliko makavu. Muzammil alipita, akauliza kama nimeyafukia mchangani kwanza, sisimizi wakala kilichomo ndani. Nikamjibu kwamba haya ni mapambo, si maiti, hayazikwi. Akaenda zake. Wivu huo.

Jumatatu, 10 Novemba

Mapambo yametembea.

Gundi haikuwahi kukauka. Kumbe mle ndani mna vile vikaa vidogo vinavyohamia makome ya wenzao. Vitatu vimeshuka kwenye kioo na kukimbilia chini ya kitanda, na makome yao mgongoni. Nimevifuata kwa tumbo, na ufagio mkononi. Nashukuru waliobaki wametulia.

Jumatano, 12 Novemba

Waliobaki wametulia kwa sababu wamekufa. Harufu! Nimejaribu limau. Nimejaribu sabuni. Macho yananitoka machozi tangu asubuhi.

Nimekwenda dukani kwa Abubakar na macho yangu mekundu. Nikaomba ubani, wa kuondoa harufu nyumbani. Nikaomba kitambaa cha bafta nyeupe, maana ni nafuu na mapazia meupe yanapendeza. Pia pamba ya kujaza mito, na chupa ya marashi ya kunyunyiza. Abubakar akaacha kutafuna. Akaniuliza kwa sauti ya chini ni ya mwanamume au mwanamke. Nikamwambia ni ya mke wangu. Akaketi. Akauliza kimo chake. Nikasema wastani. Akasema basi, kwa mwanamke, ni vipande vitano. Subhanallah! Madirisha yangu ni matano hasa! Amejuaje?

Akanikatia mwenyewe, akaniongezea pamba, akanishika mkono kwa muda mrefu akisema nijikaze. Nimerudi nyumbani moyo umejaa. Sikujua kwamba watu wa hapa wanajali mapambo kiasi hiki.

Alhamisi, 13 Novemba

Kazi! Nimetoa kila kitu nje: kitanda, godoro, viti, kabati. Ndani nimepaka chokaa. Kioo kinanuka bado, nimekifunika shuka. Ubani nimeufukiza mlango hadi mlango, moshi unatoka madirishani. Mapazia ya bafta nimeyatundika. Nyeupe pe!

Ila sakafu ilikuwa tupu. Nikamwendea Mzee Shehe, anayetunza vyombo vya msikiti, nikampa shikamoo, nikamwomba majamvi. Yale makubwa, ya kukalia watu wengi. Nikamwambia wageni wanatoka Funzi kesho. Koo lilikuwa limekauka kwa chokaa, sauti haikutoka vizuri. Akaniambia nisiseme zaidi, keshasikia dukani kwa Abubakar. Akauliza kama nahitaji na turubai. Nikasema kama lipo, sitakataa. Jua ni kali.

Majamvi yalikuwa na vumbi, nimeyatandaza uani yapigwe na jua. Watu wanachungulia juu ya ukuta. Wacha wachungulie! Muzammil amekuja, macho yamemlegea, akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nikamwambia nilitaka kujikaza peke yangu. Akanikumbatia. Yameisha mashindano. Amekubali kwamba nimemshinda, na mimi nimemsamehe.

Ijumaa, 14 Novemba

Nitaandika kwa utaratibu.

Nimesali Ijumaa safu ya nyuma na kukimbia kabla ya matangazo, nije nimalizie chokaa jikoni. Mara uani pakaanza kujaa. Wanaume wakaketi juu ya majamvi, chini ya turubai. Wanawake wakaja na masufuria, mchele, sukari, kuni. Nikasimama mlangoni nimeduwaa. Sherehe ya kufungua nyumba, na mimi sikumwalika mtu!

Walinipa mkono mmoja mmoja wakisema pole. Nikasema ahsante, kweli nimechoka. Abubakar akasema kazi ya Mungu haina makosa. Nikamwambia na mimi nimejitahidi isiwe na makosa. Mwingine akasema sote tutafika huko. Nikamwambia inshallah, aanze na sebule. Mzee Shehe akauliza analetwa saa ngapi. Nikamjibu alasiri, kwa tuktuk, mama yake amemshika. Akauliza vijana wachimbe wapi. Nilikuwa nimemwambia Muzammil kwamba nataka kumpandia Salwa asumini, nikashukuru kwamba habari imefika. Nikamwonyesha hapo karibu na baraza, ili niwe napamwagia maji mwenyewe kila jioni. Mzee Shehe akalia. Nikaona huyu mzee anapenda sana maua, nikaingia ndani kumalizia jikoni.

Tuktuk ikasimama. Salwa akateremka. Akaona turubai, majamvi, wanaume wameinamisha vichwa, vijana wamo shimoni. Akatazama huku na huku akinitafuta mimi, asinione.

Nikasikia ukelele. "Tofiki! Tofiki wangu mimi! Wallahi ningekaa, ningekaa hata juu ya matairi!"

Nilikuwa juu ya ngazi. Nikageuka kwa furaha, ndoo ya chokaa ikanigeukia na mimi. Nikatoka mbio hadi barazani, mweupe toka utosini hadi miguuni, pamba kwenye nywele, nikamwambia mke wangu karibu nyumbani.

Nusu ya wanaume waliruka ukuta. Abubakar akaingia shimoni. Mzee Shehe alibaki, lakini alikuwa amefumba macho, anasoma. Waliobaki walimtazama Salwa, wakanitazama mimi, wasijue wamkimbie nani. Salwa akanipiga kwa mkoba, mara nyingi, na kila alivyonipiga alikuwa ananishika nisianguke.

Bi Sumaiya ndiye aliyepita kimya nyumba nzima na kurudi. Akahesabu kwa vidole: majamvi, ubani, bafta, pamba, marashi, kioo kimefunikwa. Akasema, "Mwanangu, kilichokosekana hapa ni maiti tu."

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini Abubakar aliuliza kimo.

Niliogopa watakasirika. Kumbe alianza kucheka Muzammil, kisha uani kote, na Abubakar akiwa bado shimoni. Wali ulikuwa umeshaiva. Tukaula. Baada ya kula hakuondoka mtu. Wanawake waliteremsha bafta, Salwa akaketi kwenye cherehani yake, kwenye kiti, akaipiga pindo kwa vipande vya leso. Sasa ni mapazia hasa. Kioo wamekifukia mchangani na makome yake. Asumini imepandwa, shimo lilikuwa refu kidogo. Muzammil akaniuliza kama anaweza kukunja mabata mawili kitandani. Nikamwambia akunje. Wanatazamana. Nimewatazama mpaka machozi yamenitoka, na safari hii si ya harufu.

Nilimuuliza Salwa kama cherehani inabaki. Akasema keshanililia mbele ya Bongwe nzima, sasa ataondoka kwa uso gani? Ee Mungu, nakushukuru. Nakushukuru kwa majirani wanaokuja mbio hata nisipofiwa.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimeamka katika nyumba inayonukia marashi na mke aliyekasirika kidogo tu. Raha iliyoje. Salwa amekwenda sokoni Ukunda. Bi Sumaiya amelala chumba cha pili, chokaa imempa mafua, hajatoka tangu jana.

Asubuhi nimerudisha majamvi. Huko stoo ya msikiti nimeona kitu, nimesisimka! Jeneza la zamani, limeegemezwa ukutani, maana wamenunua jipya la chuma. Mbao ya mvule tupu! Ukilisimamisha na kulitia rafu nne, hakuna kabati la vyombo la namna hiyo Diani nzima. Mzee Shehe hakuwepo kuuliza maswali. Msimamizi mwingine amenipa kwa moyo safi.

Nataka Bi Sumaiya akiamka alikute chumbani kwake, afurahi. Muzammil atashika nyuma, mimi mbele. Hatutajificha. Tutalipitisha barabara kuu, mchana, mbele ya duka la Abubakar, ili kila mtu aone.

Nimelifunika kwa kipande cha bafta kilichobaki, lisiingie vumbi.