Mvutano wa Kurasa Mbili

Jumatatu, 8 Novemba 1999. Migori.
Mkuu wa chuo, Bwana Werema, ametangaza kwamba Ijumaa wafadhili watakuja kuiona tovuti yetu. Chuo kina matawi mawili na kila tawi lina ukurasa wake. Wa Migori nautunza mimi, wa Homa Bay anautunza Monicah. Mmoja wetu atafanywa msimamizi wa tovuti yote na kupewa ofisi yenye kufuli. Atakayebaki atapelekwa stoo kuhesabu majembe. Mimi nimetoka stoo juzi tu. Panya wa kule wananijua kwa jina!

Jumanne, 9 Novemba
Nimepata dawa! Kuna mstari mfupi, ukiuandika kwenye ukurasa, anayeufungua anapelekwa ukurasa mwingine bila kuulizwa. Nimeuweka kwenye ukurasa wa Homa Bay. Sasa anayemtafuta Monicah anatua Migori, ananikuta mimi na tai yangu. Kuingia kwake hakukuwa kazi. Neno la siri la chuo kizima ni jina la fahali wa Bwana Werema, na hakuna anayetoka ofisini kwake bila kusimuliwa habari za huyo fahali, hata kama alikuja kulipa karo tu. Nimejaribu. Inafanya kazi. Nikacheka peke yangu, kisha nikaogopa nikafunga dirisha.

Jumatano, 10 Novemba
Monicah amepiga simu. Nikajua nimekwisha. Kumbe ananijulia hali! Yawa, jamani, Ombui, mko aje huko, mama anaendeleaje, na je, unakula vizuri? Tangu tujuane hajawahi kuuliza kama ninakula. Sikuweza kula mchana kutwa.

Alhamisi, 11 Novemba
Nilitaka kuukagua ukurasa wangu. Haiwezekani. Kompyuta na Bwana Werema wanatumia laini moja ya simu, naye tangu asubuhi anaongea na shemeji yake wa Ntimaru kuhusu mahari. Nimepita mlangoni kwake mara nyingi nikijifanya natafuta stepla. Mwishowe akanipa stepla, akanifukuza kwa mkono. Jasho tupu.

Ijumaa, 12 Novemba
Aibu! Wageni wameketi, soda zimefunguliwa, Bwana Werema akafungua ukurasa wa Migori. Ikaja picha ya Monicah. Sijameza mate, nikaja mimi. Kisha Monicah. Kisha mimi. Kumbe naye alikuwa amewaelekeza wageni wangu kwake, kwa mstari uleule, kwa fahali yuleyule! Mwizi mkubwa! Hakuna aliyewahi kusoma hata neno moja. Mama mmoja mgeni akauliza kwa upole kama hawa wawili wameoana. Bwana Werema akachomoa waya ukutani. Baadaye akatupa neno, mimi nikiwa mbele yake na Monicah kwenye simu: wageni watafungua tena Jumatatu wakiwa Nairobi. Isipofunguka, sote wawili stoo, na tovuti apewe Bashir wa duka la fotokopi.

Jumapili, 14 Novemba
Sijalala tangu Ijumaa. Leo nimepatana na Monicah kwa simu. Tumekubali kwamba kosa letu lilikuwa uchoyo, kila mtu kuvutia kwake. Alitaka tufute mistari yote miwili. Nikamuuliza, nani aanze kufuta? Akasema nianze mimi. Nikasema aanze yeye. Ndipo nikatoa wazo la haki: kurasa zetu zote mbili zimpeleke mgeni Kegonga, kwenye tawi la tatu ambalo mwenzetu Mirumbe ndiyo kwanza analifungua, asishinde mtu. Akakubali mara moja, akaniita ndugu yangu. Nimeifanya kazi hiyo jioni hii: Homa Bay unapeleka Kegonga, Migori unapeleka Kegonga. Lakini ukurasa wa Kegonga bado hauna neno hata moja, na Mirumbe mwenyewe hana kompyuta. Mgeni aonyeshwe ukurasa mtupu? Hapana. Kwa sasa nimeuelekeza Migori. Kwa muda tu, na Monicah sikumwambia. Nimekula ugali wote. Kesho wageni wapitie wapendako, safari yao itaishia kwangu!