Suti Tatu, Suruali Hakuna

Wenzangu wa kwaya, leo nimekosa pa kuuweka uso. Nawaandikia nikiwa ndani ya behewa, stesheni ya Kolwezi, na nawaomba msome mpaka mwisho kabla ya kucheka. (Najua hamtaweza.)

Hali mnaijua. Kampuni ya migodi imekwama, mishahara imekuwa hadithi, na sisi wenye asili ya Kasai tumeambiwa turudi kwetu. Kwetu! Mimi nimezaliwa Musonoi, hapa hapa Kolwezi. Mke wangu Ngalula amezaliwa Dilala. Mwene-Ditu tunakopelekwa tunakujua kwa jina tu. Na treni haina saa. Inakuja ikitaka, na ikikuacha, unahamia sakafu ya stesheni na familia yako yote.

Asubuhi Ngalula akaamka na lake.

"Siwezi kuacha muji bila kuuaga. Tutembee, batupige mapicha. Batoto ya batoto yetu baone kama tulikuwaka bantu hapa."

Watoto wametangulia na shangazi yao, kwa hiyo mama yake Ngalula alibaki stesheni peke yake kulinda mizigo. Mimi na huyo mama mkwe wangu, kwa desturi yetu, hatutazamani usoni. Miaka yote ya ndoa yangu namjua kwa visigino. Nikiingia, yeye anatoka. Akitaka chumvi iliyo mbele yangu, anamwomba Ngalula, naye Ngalula ananiomba mimi. Heshima tupu!

Mabunda yetu yalikuwa yamejaa sufuria za Ngalula, hivyo suti zangu tatu nilizivaa zote mwilini, moja juu ya nyingine. (Ndiyo, zote. Na jua lilivyokuwa kali!) Nilitembea miguu imetanuka kama mtoto aliyejikojolea.

Mpiga picha wetu alikuwa Tata Kasongo, mwenyeji wa Dilala mwenye studio ndogo na baiskeli, mtu ambaye hajawahi kutuambia turudi popote. Tulianzia kanisani tulikofunga ndoa. Nilisimama na suti ya juu, ile ya kahawia ya harusi. Picha!

"Sasa ondoa hiyo," Ngalula akasema. "Kwa maternité utokee na ya bluu. Bantu baseme tulikuwaka na bintu."

Nikaivua, ikafungwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Mbele ya maternité, hospitali ya wazazi alikozaliwa mke wangu, suti ya bluu. Picha! Nikaivua nayo. Tukamalizia kwenye ukingo wa shimo la zamani la shaba, alikofanya kazi marehemu baba yangu mpaka mgongo ukapinda. Hapo nilikuwa na ya kijivu. Sikutabasamu. Roho iliniuma kweli.

Sasa sikieni ujinga wangu. Ile ya harusi imenibana siku hizi, na asubuhi niliivaa juu ya nyingine, ikaniua. Nikaamua kwamba nikizivaa tena zote tatu kwa safari ya treni, hiyo iwe ya ndani. Nikaenda nyuma ya kifusi, nikavua suruali ya kijivu, nikamrushia Ngalula aiweke kwenye baiskeli, nikanyoosha mkono nipewe ya harusi.

Filimbi ikalia. Treni!

"Mama eko yeye moja na mizigo!" Ngalula akapiga kelele. Akaruka nyuma ya baiskeli, akakalia suti zangu. "Tata Kasongo, kanyaga!"

Wakaenda. Mkono wangu bado umenyooshwa.

Nilibaki na koti, shati, tai, soksi, na viatu vilivyong'aa. Na chupi. (Si ile nzuri. Ile nzuri ilikuwa kwenye bunda.) Ningefanya nini? Nijifiche, treni iondoke na mke wangu? Nikakimbia.

Kwenye njia panda walikuwapo wale vijana ambao kila siku hutupigia kelele tuondoke. Leo walinikodolea macho. Kisha mmoja akaniuliza kwa huruma kabisa:

"Tata, njo nani alikufukuza? Siye hatuyafika kwako bado!"

Wenzake wakaanguka chini kwa kicheko. Sikusimama kujibu.

Nikaingia stesheni. Nikapasua umati. Nikamwona Ngalula! Nikapaza sauti: "Nimefika!" Na mbele yake, ameketi juu ya bunda, akinitazama uso kwa uso kwa mara ya kwanza maishani, mama mkwe wangu.

Hakutazama uso tu.

Alipiga yowe, akageukia behewa, akafungua kitenge chake cha juu na kukirusha nyuma bila kuangalia. Kikamwangukia kichwani katekista mmoja aliyekuwa kwenye umati. "Ngalula!" akalia. "Ambia bwana yako avale kintu!"

Nikajifunga kitenge cha mama mkwe, chenye maua makubwa mekundu, nikapandia dirishani mbele ya watu wote. Na treni yenyewe? Ndiyo kwanza ilikuwa imesimama. Mpaka sasa haijatikisika.

Baadaye Tata Kasongo alifika dirishani akihema. Alikuwa amerudi kunitafuta kwa njia nyingine. Akaniingizia suruali, moja moja, kila mtu akihesabu kwa sauti. Ngalula akanyoosha mkono.

"Na mapicha, Tata?"

"Mapicha?" Akatutazama. "Filimu ingali mu mashini, mama. Nitaisafisha juma inakuya."

Juma lijalo, nasi tutakuwa tumeondoka! Kutwa nzima tumevua na kuvaa, na hakuna aliyelifikiria hilo! Ngalula akalia. Halafu akanitazama na kitenge changu, akacheka mpaka akanishika bega, akalia tena. Nami nililia, sioni haya kusema.

Tata Kasongo akajipangusa macho. "Nitabatia mu dirisha ya studio," akasema. "Mbele kabisa."

Basi msinicheke. Mama mkwe ameketi pembeni, amejifunika shuka kichwani, hataki kusikia jina langu. Lakini mkipita Dilala, tusalimieni pichani, pale dirishani. Waliotaka tuondoke Kolwezi sasa wataniona kila siku, na suruali zangu zote.