Pembe za Chuma na Heshima ya Mama Mkwe

Jumanne, tarehe 4

Mwalimu wa darasa la Biblia la watu wazima anastaafu. Magoti yamemshinda, hawezi tena ngazi za kanisani. Kiti kiko wazi. Nakitaka!

Mchungaji alitangaza juzi baada ya ibada kwamba tuliojitokeza ni wawili: mimi, fundi wa kuchomelea mageti, na Muuza Nyama wa bucha la kona. Jumapili ijayo kila mmoja atafundisha kidogo, kisha darasa lipige kura kwa kunyoosha mikono. Mada ni moja kwa wote: pembe za wanyama katika Biblia, zina maana gani. Muuza Nyama akatabasamu. Aache kutabasamu kwa nini? Anashinda na pembe kutwa kucha! Huo ni upendeleo, na nilimwambia mke wangu hivyo njia nzima mpaka akavuka kwenda upande wa pili wa barabara.

Niandike ukweli, maana humu hasomi mtu. Kiti chenyewe sina haja nacho sana. Shida ni mama mkwe. Anaishi nasi tangu mvua zilizopita na hajawahi kuniita jina, wala mkwe, wala baba. Kwake mimi ni “yule”. Yule amekula? Yule amerudi? Juzi nimeketi mbele yake, magoti yetu karibu yagusane, akamuuliza binti yake kama yule anataka chai. Inauma, jamani. Ila kila Jumapili anakaa safu ya mbele ya darasa lile, naye humwita mwalimu mzee “mwalimu wangu” kwa sauti ya asali. Mwalimu wa Biblia haitwi yule.

Jumatano, tarehe 5

Nimesoma habari za Yeriko. Makuhani walipuliza pembe za kondoo, ukuta ukaporomoka. Basi! Nitaingia darasani nikipuliza pembe. Nani atampigia kura mtu wa maneno matupu baada ya hapo?

Tatizo: pembe zinapatikana bucha la kona tu. Nikavaa kofia pana na miwani yangu ya kazi, nikabadili sauti. Muuza Nyama akaniuliza habari za kazi, fundi, na geti la mchungaji limefikia wapi. Loo! Akaenda nyuma, akaniletea pembe ya kondoo dume, akakataa malipo. Akaniusia niichemshe muda mrefu, tena nje, tena katika chombo nisichokipenda.

Mtego huo. Mpinzani hatoi ushauri wa bure. Nimeichemsha ndani, haraka haraka, katika sufuria ya kwanza niliyoiona.

Alhamisi, tarehe 6

Sufuria ni ya mama mkwe. Ndiyo aliyokuja nayo kutoka kwake, na hakuna mwingine anayeigusa. Nyumba nzima inanuka. Amemuuliza binti yake kama yule amefia jikoni au ni kitu alicholeta.

Nilitoka uani kupuliza. Sauti haikutoka. Nikavuta pumzi, nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Kikatoka kitu kingine, ambacho sitakiandika. Nimesukutua kwa ndimu na chumvi tangu mchana na bado nakisikia ulimini.

Mke wangu ameisugua sufuria kwa majivu, kwa mchanga, mwisho kwa machozi. Pembe imetupwa. Yeriko imeahirishwa.

Ijumaa, tarehe 7

Nimeipata! Imo katika kitabu cha Wafalme. Mfalme Ahabu anataka kwenda vitani. Manabii mia nne wamesimama mbele yake, wote wanasema nenda, nenda. Maneno, maneno! Mmoja tu, Sedekia, anakuja na kazi ya mikono yake. Amejitengenezea pembe za chuma! Anamwambia mfalme kwamba kwa pembe hizo atawasukuma adui zake mpaka waishe.

Chuma! Na katika kanisa letu nani anajua chuma? Muuza Nyama anajua maini.

Hapo hapo mke wangu akaita chakula, nami nikaifunga Biblia kwa shukrani. Somo langu lilikuwa limeshakamilika. Baada ya kula nikaenda karakana. Nondo za geti la mchungaji zipo, na amesubiri tangu mwaka jana, atasubiri. Nimekunja mbili vizuri mno, nimezichonga ncha, nimezifunga kwa boliti kwenye helmeti ya zamani ya pikipiki. Sijawahi kumaliza kazi haraka hivi. Hata geti moja.

Jumamosi, tarehe 8

Nimezijaribu pembe. Nzito, lakini ng'ombe halemewi na nunduye. Mlango wa chumbani haukunipitisha mpaka nilipokwenda kiubavu. Kisha nikanasa kwenye chandarua, na mke wangu akanikata kwa mkasi. Chandarua ndicho alichokata, si mimi, ingawa kwa uso wake alikuwa bado anaamua.

Akaniuliza kama nimesoma sura yote. Nikamwambia mpishi hali sufuria nzima ili kujua wali umeiva. Akasema mpishi huyo ndiye aliyeiharibu sufuria ya mama yake juzi. Mume mwenye hekima hajibu kila kitu.

Nimezipaka rangi ya fedha. Zinameremeta! Mama mkwe alipita uani, akasimama, akatazama. Nadhani ameguswa.

Jumapili, tarehe 9

Naandika nikiwa nimefunga mlango.

Alianza Muuza Nyama. Alileta pembe moja ya ng'ombe, safi, haina harufu, akaizungusha darasani kila mtu aishike. Akasema katika Biblia pembe ni nguvu na heshima. Samweli alimtia Daudi mafuta kutoka katika pembe. Hana alipopata mtoto alishangilia kwamba pembe yake imeinuliwa. Lakini aliyeinuliwa hajiinui, akasema, na zaburi zinawaonya wanaojiinulia pembe wenyewe. Sisi tunasema fulani ameota mapembe, na hatumsifu. Akaketi. Amesema kidogo tu! Nilimhurumia.

Nikatoka nje, nikavaa, nikaingia kiubavu. Salaale! Darasa zima lilishika vinywa. Nikasoma habari za Sedekia kwa sauti ya radi, nikakitikisa kichwa kulia na kushoto kuonyesha adui wanavyosukumwa. Mama mkwe alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa kiti. Macho yanang'aa! Akanyoosha mkono. Akaniuliza, mimi, moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu: huyo mfalme alishinda?

Nikasema alishinda sana.

Muuza Nyama akakohoa. Mchungaji, kwa upole, akaniomba nilisomee darasa sehemu iliyobaki.

Nikasoma. Akaja nabii mwingine, Mikaya, akasema wale mia nne wana roho ya uongo vinywani mwao. Wote! Nikatafuta kwa jicho kama Sedekia ameachwa nje. Hakuachwa. Sedekia akampiga Mikaya kofi la shavu, akaambiwa siku inakuja atakimbilia chumba cha ndani kujificha. Hapo helmeti ilianza kunibana. Mfalme akaenda vitani, akapigwa mshale na mtu ambaye hata hakumlenga. Nikaendelea kusoma kwa matumaini kwamba atapona. Hakupona. Wakaja mbwa, wakailamba damu yake.

Mtu wa nyuma akacheka, kisha safu yake, kisha chumba kizima. Mchungaji alijifuta macho kwa tai. Nikataka kuivua helmeti, lakini rangi ilikuwa haijakauka vizuri na kamba ya kidevuni imejifunga fundo. Nikakumbuka niliposoma kwamba zamani mwenye hatia akishika pembe za madhabahu haguswi. Nikakimbilia meza ya mbele, nikaikumbatia kona. Pembe yangu ikanasa kitambaa, na maua, maji na vitabu vya nyimbo vikanifuata sakafuni.

Kura: Muuza Nyama, mikono yote isipokuwa mmoja. Huo mmoja, wa kwangu, ulikuwa wa mke wangu, naye anasema alikuwa anajikuna.

Mama mkwe hakucheka. Aliangalia chini mpaka mwisho.

Jumatatu, tarehe 10

Mama mkwe amekuja karakana. Hajawahi kufika huku! Nikampangusia kigoda, nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akaketi.

Kisha akasema, pole, mwanangu.

Nyundo iliniponyoka. Akasema marehemu mume wake aliwahi kusimama kanisani kuimba peke yake, sauti ikamkatika katikati, watu wakaangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote ni yeye mkewe. Yule mzee hakuimba tena maisha yake yote, hata bafuni. Anaikosa sauti ile mpaka leo. Ndiyo sababu jana hakuweza kucheka. Akasema hajali kama ninafundisha au sifundishi, anachotaka ni kuniona natulia. Akanisihi: mwanangu, achana na pembe. Akanishika bega, akaenda zake. Nilibaki nimesimama, machozi yananitoka, na hapakuwa na moshi.

Mwanangu! Mara mbili!

Nimekaa nikalitafakari jambo hili kwa utulivu, kama mtu mzima. Miezi yote hii nimekuwa mpole, nimemsalimu, nimekula nilichopewa, nikabaki yule. Nimevaa pembe kwa muda usiofika hata saa moja, nimekuwa mwana. Sasa hapo nani hajui kujumlisha? Anasema niache kwa sababu ya unyenyekevu wake, ni mama wa adabu.

Nimefungua kitabu cha Danieli. Kuna mnyama mle ana pembe kumi! Kumi! Katikati inachipuka ya kumi na moja, ndogo, ina macho na kinywa kinachosema makuu. Macho nitatumia taa za baiskeli. Kinywa sijajua bado. Mambo yanayompata mnyama huyo yako ukurasa unaofuata, ila chuma kimeshapata moto na siwezi kukiacha kipoe kwa ajili ya kusoma.