Vita vya Fundi Cherehani na Gari la Sekunde Nane

Sogeeni, enyi mlioketi nanyi mliosimama, tegeni masikio, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi! Nawasimulia habari za fundi cherehani, Simba wa Sindano, Bwana wa Mapindo, siku aliyopigana na mchapuko, yaani kasi inavyozidi kila sekunde. Dunia haikupata habari, kwa kuwa dunia siku hiyo ilikuwa inafua nguo.

Jioni bintiye aliweka daftari juu ya meza ya kukatia, akatangaza vita. "Baba, gari limeanza kutoka kusimama, likaongeza kasi kwa kiwango kilekile, na baada ya sekunde nane likafika kilomita sabini na mbili kwa saa. Mchapuko wake ni ngapi, kwa mita na sekunde? Kama huwezi, sema tu, nimpigie mjomba."

Mjomba! Lo, neno hilo lilimchoma fundi kuliko pasi ya makaa. Shemeji yake huyo, Mfalme wa Majigambo, alikwisha kumfundisha mtoto baiskeli, kuogelea, hata kupiga mluzi. Hesabu ndiyo ngome pekee iliyombakia baba mtu, na roho ilimuuma.

"Weka simu chini, mwanangu!" akanguruma. "Mkono huu uliokata makoti ya mabwana wakubwa hautashindwa na gari lisilo hata na dereva! Kasi ya mwisho, toa kasi ya mwanzo, gawa kwa muda. Sabini na mbili toa sufuri, gawa kwa nane: tisa!" Akaitua chaki yake kama shujaa arudishaye upanga alani.

Mkewe, aliyekuwa akimenya vitunguu, hakuinua hata macho. "Tisa za nini? Umepewa kilomita na saa, unajibu mita na sekunde. Ni yale yale ya bwana harusi! Ulipima suruali kwa inchi ukakata kwa sentimita, mtu wa watu akaenda kuoa magoti nje."

Jasho likamtiririka jemadari, lakini hakukimbia. Akaitwaa tena chaki, akazigeuza kilomita zikawa mita elfu sabini na mbili, akaivunja saa ikawa sekunde elfu tatu na mia sita, akagawa, akakosea, akafuta kwa kiwiko, akagawa tena: mita ishirini kwa sekunde. Ishirini gawa kwa nane, mbili na nusu!

Binti akainakili hesabu hiyo daftarini. Kisha, hata hivyo, akampigia mjomba na kumsomea swali, na moyo wa fundi ukaanguka puu.

"Tisa!" ikavuma sauti simuni. "Swali la kitoto hilo, mpwa wangu! Tisa!"

"Mjomba," akasema binti, "suruali umeikata fupi. Muulize baba akuelekeze."

Basi andikeni, enyi waandishi wa zama, na vizazi vijavyo visome: siku hiyo ngome haikuanguka. Naye Simba wa Sindano akageukia ukuta, akasema vitunguu vya leo ni vikali mno.