Kila Neno la Kiingereza Lichague Kazi Moja

Darasa la Watu Wazima,
Karibu na Lembeni, Upare.
12 Juni 1972

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa mtu ambaye, kwa bahati mbaya yako, hujawahi kumsikia. Mimi ndiye mwalimu wa Kiingereza wa watu wazima katika kijiji chetu cha ujamaa. Sifa zangu zinatosha. Nimefika Tanga, nimefika Voi mara mbili, na nilimpikia meneja mmoja wa shamba la mkonge, Mwingereza halisi, miaka mitatu bila kuunguza kitu kikubwa. Shule niliishia darasa la sita, kwa sababu zisizohusiana na barua hii.

Kwa miaka miwili nilijua Kiingereza chote. Kisha kijana mmoja, Eliezeri, akatuletea kamusi kutoka Same. Alimletea shangazi yake, Bibi Dorkas, mwanafunzi wangu wa mstari wa mbele, mwenye miaka sitini na mitatu. Bibi huyu alijua kusoma mwaka juzi tu, na tangu hapo hajapumzika wala hajanipumzisha. Huja na kamusi ameifunga kwenye khanga kama mjukuu. Nampa shikamoo, ananiitikia marahaba Mwalimu, halafu anafungua ukurasa.

Sasa Alhamisi anakuja afisa wa elimu ya watu wazima. Akiona mwalimu hafai, darasa litafungwa na wanafunzi watapelekwa kijiji cha pili, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Magoti ya Bibi Dorkas hayafiki huko. Ndiyo maana nashtaki, tena simshtaki mtu, naishtaki lugha yenyewe.

1. Neno "fine". Kila siku darasa zima husimama na kusema "I am fine", yaani sijambo. Kamusi inadai neno hilohilo ni faini. Mzee Rubeni, ambaye aliwahi kutozwa mbuzi kwa kukosa msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji, aliposikia hivyo akakaa chini. Akasema, "Mwalimu, ile nililipa. Yule mbuzi aliliwa, na wewe ulikuwepo." Ni kweli nilikuwepo. Nilikula ini. Lakini mtu asilazimishwe kukiri kosa moja kila siku kwa salamu.

2. Neno "school". Kumbe ni shule, na pia ni kundi la samaki. Zaituni, anayetuuzia samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu, akauliza hao samaki wake wako darasa la ngapi. Nikamjibu la sita. Darasa likacheka sana, na mpaka leo sijajua walikuwa wanamcheka samaki au nani.

3. Neno "trunk". Hili, Ndugu Mhariri, ni bepari kamili. Ni shina la mti, ni mkonga wa tembo, ni sanduku la safari, tena ni kiwiliwili cha binadamu. Azimio la Arusha linamkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili. Bwana huyu ana minne, mmoja msituni, mmoja mbugani Mkomazi, mmoja stesheni, na mwingine kajichimbia ndani ya mwili wangu mimi mwanachama.

4. Neno "bank". Mwaka sitini na saba tulitaifisha benki, tukaandamana, mimi nikiwa mbele. Hakuna aliyetuambia kwamba kwa Kiingereza kila mto nao una benki mbili, ya upande huu na ya upande ule. Naomba kujua kama hizo nazo zimeshataifishwa, au bado tunavuka mali za watu.

5. Hili ndilo linaloninyima raha. Tangu nianze kufundisha sijawahi kutamka "sijui", kwa lugha yoyote. Juzi Bibi Dorkas aliniuliza kwa nini "fast" ni mbio na pia ni kitu kilichokazwa hata hakitikisiki. Nikamwambia huenda mpiga chapa alikosea. Akaniuliza kwa upole, "Kwenye kurasa zote, Mwalimu?" Nikasema kwenye nyingi.

Kwa hayo naomba iundwe Tume. Kila neno la Kiingereza lijaze fomu, litaje maana zake zote bila kuficha, kisha lichague moja kabla ya Saba Saba. Maana za ziada zigawiwe lugha zenye shida. Chasu na Kigweno, lugha zetu za hapa Upare, ziko tayari kupokea hata kesho. Maneno yatakayokaidi yaletwe kijijini kulima nasi, majembe yapo. Ikiwezekana, kazi hii ikamilike kabla ya Alhamisi.

Wasalimie wapiga chapa wote, hata yule niliyemsingizia, na walio nyumbani kwako, na paka kama yupo.

Ni mimi katika ujenzi wa taifa,
Clemence Msuya

N.B. Barua ilikuwa bado mfukoni Alhamisi ikapita. Afisa alikaa nyuma na daftari lake. Bibi Dorkas akafungua kamusi akaniuliza neno "bay". Nikatazama dari, nikatazama ukuta, kisha nikamwona anavyojikanda magoti. Nikasema, "Sijui, bibi. Tutazame wote." Afisa naye akaja kuinama juu ya kamusi, maana hata yeye alijua ghuba tu. Tukakuta ni rangi ya farasi, ni mti, ni mbwa anavyolia, na Zaituni akawa anahesabu kwa sauti kama anahesabu samaki. Afisa ameandika darasa liendelee. Wiki hii wamejiandikisha wapya kumi na tisa. Nasikia wanakuja kumwona mwalimu anayesema hajui. Nawaonyesha kila siku, na bado tuko herufi B. Barua naituma hivyohivyo kwa kuwa stempu imeshagoma kubanduka, lakini nakusihi uiambie Tume isiguse hata maana moja. Wakizipunguza nitakuwa nimemaliza Kiingereza kabla ya mavuno, na Bibi Dorkas ameshaniambia hana nia ya kumaliza.