Darius wa Kirolirwe na Baron wa Chuma Asiye na Sauti

Sogeeni, enyi wenye masikio, ninyi wa Mushaki mnaoanika maharage kando ya barabara, na ninyi wa Kirolirwe mnaozungumza na ng'ombe kwa upole kuliko na wake zenu. Tueni mizigo, zimeni simu, mpate kusikia habari ya Darius mwana wa Habineza, mbeba jibini, simba wa manette, kile kidude cha kuchezea michezo ya televisheni, ambaye alasiri moja ya juzijuzi alimkabili Baron wa Chuma, mwenye deraya nyeusi na upanga mrefu kuliko mkaratusi. Watakaosema kwamba vita ile ilipiganwa ndani ya televisheni hawakosei, ila wao hawakuwepo.

Kwanza ijulikane Darius alikuwa nani. Alikuwa bingwa wa kuanza. Alianza shule ya ufundi, akaiacha ilipokolea. Alianza kujifunza pikipiki, akajua kuiwasha. Alianza nyumba, na msingi wake uko palepale Kirolirwe, umeota majani mazuri ambayo mbuzi wa jirani huyasifu kila asubuhi. Watu wakampa jina la Papa Début, yaani Baba Mwanzo, naye akicheka walipomwita hivyo, lakini lilimchoma. Likamchoma zaidi siku ile Gaëlle, mchumba wake, sauti ya kwanza ya kwaya ya parokia, alipomwambia bila hasira, jambo ambalo ni baya kuliko hasira:

"Darius, mimi nakupenda. Lakini hata kintu moja yenye ulimaliza sijaiona. Na ndoa, nayo utaianza tu, uiache pale?"

Mtu mwenye akili angerudi kwenye msingi wake na jembe. Lakini mashujaa ndivyo walivyo, ukiwaomba wakate kuni wanakwenda kumtafuta chui. Darius aliapa kummaliza Baron, jitu la mwisho la mchezo ule, ambalo hakuna mwanadamu wa Mushaki aliyewahi kuliangusha. Alitaka kitu kimoja tu maishani chenye mwisho, na mkono wake uwe ndio ulioufikisha.

Uwanja wa vita ulikuwa chumba cha Katembo, mfanyabiashara kutoka Butembo, asiyekosa misa ya kwanza, mwenye misumari na mabati dukani mbele na michezo nyuma. Televisheni yake ilikuwa bubu tangu iliponyeshewa safarini, hivyo sauti yote ilipitia kwenye bafle, kipaza sauti kikubwa kilichokaa mlangoni kuwaita wateja. Ndiyo maana Mushaki nzima iliujua muziki wa Baron kabla ya kumjua Baron mwenyewe.

Na muziki ule, jamani, nani atausimulia? Ulianza na ngoma moja, chini sana, kama mama anayetwanga majani ya sombe nyumba ya mbali, na kwenye kioo hapakuwa na kitu ila ukungu. Kisha zikaingia nyuzi, zikikwaruza sauti ileile bila kuchoka, na mnunuzi wa misumari akasahau alikuwa akihesabu nini. Damu ya Baron ikipungua nusu, tarumbeta zikaamka na ngoma zikashika mbio. Ujanja wake mkubwa ulikuwa huu: wimbo haukutua kamwe. Ulipokaribia kutua uligeuka, ukaanza upya juu zaidi, na moyo wa msikilizaji ukabaki ukining'inia kama chafya iliyokataa kutoka. Halafu, Baron alipovua deraya, kimya. Pumzi moja tu ya kimya, na baada yake vyombo vyote kwa pamoja, na wanaume wasiojulikana wakiimba kwa lugha isiyojulikana, hata ng'ombe waliokuwa wakiswagwa kwenda Sake wakageuza vichwa. Hapo ndipo Darius alipokuwa akifa mchezoni, kila siku ya soko, akitetemeka kwa hofu na kwa raha.

Ikafika siku ya mwisho, kwa maana Katembo alikuwa amekwisha kuuza mashine ya michezo. Na siku hiyohiyo Bibi Nyiransabimana, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyezeeka vizuri, aliaga dunia vizuri. Darius alipofika na kikapu chake cha jibini, Katembo alimpokea amesimama mbele ya bafle kama padri mbele ya altare.

"Darius, kaka yangu," alisema, "mimi niko mufanya biashara, lakini niko pia mukristu. Kwa jirani kuko kilio. Hii bafle haitalia leo, hata mufalme akuje na manette yake mukononi. Na kesho camion njo inabeba mashine, inaenda Butembo kwa mudogo wangu. Ukitaka kupigana, pigana. Lakini utapigana na kimya."

"Papa Katembo," alijibu Darius, akivua buti zake za matope kwa heshima ya uwanja, "muntu hapiganake na masikio. Niko na mikono, niko na macho. Huyu Baron namujua kuliko vile najua baba yangu. Leo njo leo. Ao yeye, ao mimi."

Yalikuwa maneno mazuri, na hayakuwa na ukweli hata kidogo. Ukungu ulifunguka, Baron akatokea, na bila ngoma alionekana kama mzee anayetafuta kandambili zake. Watazamaji, wauza maharage waliojikinga na mvua, walipiga miayo. Mmoja akauliza kama tele imeharibika. Darius mwenyewe, kwa kuwa hakuogopa, alizembea, akajikuna sikio katikati ya vita, akafa. Akaanza tena, akafa upesi zaidi. Alikuwa amedhani siku zote kwamba muziki ndio uliomshinda, kumbe muziki ndio uliomshika ukosi na kumwambia, tazama, hili ni jambo kubwa. Balaa la kweli haliji na ngoma, sisi wa huku Masisi tunalijua hilo. Labda ndiyo sababu tulimpenda Baron, adui mwenye adabu ya kubisha hodi.

Shujaa akaweka manette chini. Akavuta buti moja, akaivaa. Aliijua hali ile kama mtu anavyojua njia ya kwao: sasa atasema mchezo wenyewe si kitu, atakwenda zake, na kesho atacheka wakimwita Papa Début. Akaishika buti ya pili.

Ndipo upande wa pili wa ukuta wa mbao ikapanda sauti ya Gaëlle. Kwaya ilikuwa imefika kilioni. Na kwa mila yetu, enyi wageni, kilio hukataza bafle, lakini wimbo hakiukatazi, huudai. Aliimba peke yake, chini, na ngoma moja nyuma yake. Kisha kina mama wakaingia. Darius akabaki na buti mkononi. Kisha wanaume, kisha makofi, na kiitikio kila kiliporudi kilirudi juu zaidi, kikikataa kutua. Nywele zikamsimama shingoni. Akaiacha buti, akaketi, akaiokota manette.

Baron akatoka ukunguni, na safari hii hakuwa mzee wa kandambili. Upanga ukashuka, Darius akabingiria. Ukafagia, akaruka. Damu ya jitu ikafika nusu, na upande wa pili wanaume wa sauti nzito wakaongeza mwendo kana kwamba wamelipiwa. Wauza maharage wakasogeza mabenchi. Jasho likaloanisha shati la shujaa. Baron akainua mikono kuvua deraya, na wakati uleule, nyuma ya mbao, kwaya yote ikanyamaza ili Gaëlle avute pumzi ya ubeti wa mwisho. Wanahistoria watabishana kama ilikuwa sadfa. Wabishane. Kwaya ikalipuka yote kwa pamoja, Darius akaingia chini ya upanga mahali ambapo siku zote alikuwa akirudi nyuma, akapiga, akapiga tena, na Baron wa Chuma akapiga magoti, akaanguka, akawa majivu.

Hakuna aliyepiga kelele, maana msiba ni msiba. Muuza maharage mmoja aling'ata kitenge chake. Katembo alikumbatia bafle. Darius alikaa amefumba macho, akiogopa kuyafumbua asije akakuta Baron bado amesimama.

Alipoyafumbua, kioo kilikuwa cheusi, na majina meupe yalikuwa yakipanda kutoka chini, polepole, mengi ajabu. Mushaki haikuwa imeona mwisho wa mchezo hata siku moja, kwa hiyo hakuna aliyejua ni nini. Wimbo wa kilio ukiendelea, Katembo akavua kofia, na watu wote wakasimama.

"Masikini," alinong'ona Katembo. "Bote hawa Baron alibaua?"

"Hapana, Papa," alisema Darius, akisoma Kifaransa kwa shida. "Hawa njo walitengeneza muchezo. Huyu alichora miti. Huyu njo wa muziki. Waliianza, wakaimaliza."

Katembo akawaza. "Basi kofia ibaki chini," akasema.

Hivyo ndivyo Gaëlle alivyowakuta alipokuja kuazima mabenchi ya waombolezaji: wanaume na wanawake wamesimama kimya mbele ya majina, na mchumba wake katikati yao, buti mguu mmoja.

"Nani tena amekufa?" aliuliza.

"Hakuna, dada," alisema Katembo kwa sauti ya mpiga mbiu aliyekatazwa kupaza. "Ni Darius. Amemaliza."

Gaëlle alimtazama. Alitaka kucheka, na kweli alicheka kidogo kiganjani, kisha akaona kwamba macho ya Darius yalikuwa na maji, akaacha.

"Sasa leta benchi," alisema taratibu. "Bantu wako wamesimama kule."

"Majina iko inapita bado," alisema Darius. "Ngoja iishe."

Gaëlle hakuwa amewahi kumsikia akisema neno hilo. Akasimama kando yake, akangoja naye, mpaka jina la mwisho likapanda na kupotea. Ndipo akashika benchi upande wa mbele, Darius akashika nyuma, wakatoka nalo mvuani. Na iandikwe, wajukuu wapate kuisoma, kwamba siku alipoanguka Baron wa Chuma, wa mwisho kutoka chumbani alikuwa Darius mwana wa Habineza.